Chungu cha Ikombe na uchungu wa pakanga

Ikombe ni kijiji kinachoonekana vizuri zaidi kutoka majini. Kipo wilayani Kyela, mkoani Mbeya, kwenye ufukwe wa kaskazini mashariki mwa Ziwa Nyasa. Hapo Milima ya Livingstone inashuka karibu moja kwa moja hadi ziwani na kuacha ukanda mwembamba wa ardhi kati ya mwamba na maji. Ukirudi nyuma kidogo, baada ya Matema, inaanza tambarare ya Kyela yenye mpunga na kakao. Ikombe haina tambarare. Nyuma ya nyumba ni mlima, mbele ya nyumba ni ziwa.

Kwa miaka mingi watu wamefika hapa kwa mtumbwi, kwa boti au kwa miguu wakifuata kijia cha kando ya ziwa kutoka Matema. Ziwa likitulia, safari ni fupi na ya kupendeza. Upepo wa mwera ukivuma kutoka kusini, mawimbi yanapanda na mwenye busara huacha mtumbwi wake nchi kavu mpaka upepo utulie.

Jina la Ikombe limejulikana mbali kwa sababu ya vyungu. Wanawake wa Kikisi hufinyanga hapa kwa mikono, kazi ambayo binti hujifunza kwa mama na bibi yake. Udongo hupondwa, hulowekwa na kukandwa, chungu hupandishwa taratibu, hukwanguliwa mpaka ukuta wake uwe mwembamba, hukaushwa, kisha huchomwa. Jumamosi mitumbwi iliyopakia vyungu hufika kwenye gulio la Lyulilo, jirani na Matema. Kutoka hapo vyungu huendelea na safari kwenda Kyela mjini, Tukuyu, Mbeya na kwingineko.

Biashara hii ina umri mkubwa. Wakisi walipeleka vyungu na samaki kwa majirani zao, na Wakinga wa juu milimani, ambao walikuwa wahunzi hodari, walishusha majembe. Mlima na ziwa vilitegemeana. Familia nyingi za kusini mwa Tanzania zimepika maharage katika chungu cha Kikisi bila kujua kilitoka kijiji gani.

Na si maharage tu. Katika nyumba nyingi chungu kimoja hutengwa kwa ajili ya dawa. Mtoto akikohoa, majani huchemshwa. Homa ikipanda, majani huchemshwa. Kiswahili chenyewe kimeviweka vitu hivi viwili katika neno moja: kuna chungu cha kupikia, na kuna dawa iliyo chungu.

Jani la nyanda za juu

Kati ya majani machungu, moja lina historia ambayo kila mzazi anayeishi kwenye eneo la malaria angefaidika kuijua. Ni pakanga. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalifahamu jina hilo, kwa kuwa katika kitabu cha Ufunuo ni jina la nyota inayoanguka na kuyafanya maji kuwa machungu.

Pakanga ya Afrika, ambayo wataalamu wa mimea huiita Artemisia afra, ni kichaka chenye majani yaliyochanika-chanika, rangi ya kijani iliyofifia kuelekea kijivu, na harufu kali inayobaki mkononi ukilifikicha jani. Hukua kwenye nyanda za juu kuanzia Ethiopia, kupitia Afrika Mashariki, hadi Afrika Kusini. Ni mmea wa baridi na jua, si wa joto la ufukweni.

Kote inakoota, watu wameitumia kwa mambo yanayofanana: kikohozi, mafua, homa, tumbo na minyoo. Afrika Kusini, ambako Waxhosa na Wazulu huiita umhlonyane, ni miongoni mwa dawa za asili zinazojulikana zaidi. Ulaya nako, ndugu yake mwingine alitumika kwa karne nyingi kufukuza minyoo tumboni. Watu hawa hawakuwasiliana, lakini ulimi uliwaambia jambo moja: kitu kichungu namna hii lazima kina nguvu.

Ulimi haukukosea. Ila haukueleza ni nguvu ya kiasi gani, na dhidi ya ugonjwa upi.

Homa ya ufukweni

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mwaka huohuo Wamoraviani nao walianza kazi Rungwe. Miaka michache baadaye Waberlin walikuwa na kituo Ikombe pia. Ukiangalia mahali walipopenda kujenga, utaona wengi walitafuta vilima. Rungwe na Manow ziko juu, kwenye hewa baridi. Ufukweni kulikuwa na homa.

Wenyeji walijua tofauti hiyo zamani. Kyela ni bonde la joto, mvua nyingi, mito na madimbwi. Rungwe na Makete ziko juu, na mbu wa malaria hastawi kwenye baridi. Mtu aliyeshuka kutoka milimani kwenda ziwani alijua anaweza kurudi na homa.

Wageni walikuwa na dawa yao, nayo ilikuwa chungu vilevile: kwinini. Ilitoka kwenye gome la mti wa milima ya Andes, Amerika Kusini. Kwa karibu miaka 200 watu wa Ulaya walilitwanga gome hilo na kulinywa, wengine wakipona na wengine wasipone, kwa sababu gome moja lilikuwa na dawa nyingi na jingine kidogo. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliweza kuitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye gome. Tangu hapo mganga aliweza kupima: gramu kadhaa, kwa mtu wa uzito fulani, kwa siku kadhaa.

Wajerumani walileta miti hiyo hadi hapa nchini. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, waliipanda kwa ajili ya kwinini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walipofungiwa njia za baharini, dawa ya askari wao ilitengenezwa humohumo nchini.

Baadaye ikaja klorokwini, dawa ya kiwandani na ya bei nafuu, ambayo vizazi viwili vya Watanzania viliinywa. Vijidudu vya malaria viliizoea. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha na kuchukua SP, na kabla miaka kumi haijapita SP nayo ilikuwa imezidiwa.

Kitabu cha kale na maji ya baridi

Dawa iliyofuata ilitoka kwa ndugu wa pakanga.

China kuna mmea unaoitwa qinghao, Artemisia annua kwa jina la kitaalamu, ambao maandishi ya kale yanautaja kuwa dawa tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika karne ya 4 tabibu aitwaye Ge Hong aliandika kitabu kidogo cha tiba za dharura. Humo alieleza namna ya kutibu homa za vipindi: chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa maji hayo.

Mwaka 1967, wakati wa vita ya Vietnam, malaria ilikuwa inawaangusha askari wengi msituni. Serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya. Mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou wa Beijing alipewa kuongoza kikundi kimojawapo. Wao walipekua vitabu vya kale, wakakusanya tiba zaidi ya 2,000 na kujaribu mimea kwa panya wenye malaria. Qinghao ilionyesha matumaini, kisha ikawaangusha. Mara ilifanya kazi, mara haikufanya.

Tu Youyou alirudi kwenye kitabu cha Ge Hong na kukisoma upya. Hapo alitambua jambo ambalo macho ya wengi yalikuwa yamelipita: Ge Hong hakusema mmea uchemshwe. Alisema ulowekwe na kukamuliwa. Huenda moto ndio ulikuwa unaiharibu dawa.

Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo. Oktoba 1971 dawa hiyo iliwaponya panya wote waliojaribiwa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza ili kuhakikisha haina madhara, kisha wakaitenga dawa iliyomo ndani ya jani, ambayo leo tunaiita artemisinini. Mwaka 2015 Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel ya tiba.

Mama wa Ikombe, au wa mahali popote penye jiko la mafiga matatu, ana sababu ya kuisikiliza habari hii kuliko wengi. Jani lilikuwa la kweli na wazee wa China walikuwa sahihi. Lakini waliochemsha jani lilelile kwa muda mrefu walipata maji machungu yenye dawa kidogo. Uchungu ulibaki kwenye maji, dawa ikapungua.

Kutoka jani hadi kidonge

Tanzania ilianza kutumia dawa mseto ya ALu mwishoni mwa mwaka 2006. Sehemu yake moja ni artemether, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, na ya pili ni lumefantrine. Zinaunganishwa kwa makusudi. Ya kwanza hushusha vijidudu haraka ndani ya siku tatu, ya pili hubaki mwilini na kumalizia waliosalia.

Jani lenyewe limelimwa hapa nchini tangu miaka ya 1990, hasa na wakulima wa Arusha na Kilimanjaro, na kuuzwa kwa wanaotengeneza artemisinini. Si kilimo rahisi. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Gramu moja ina maelfu. Husiwa kwenye kitalu juu ya udongo bila kufukiwa, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote. Miche ikifika kimo cha shubiri hivi huhamishiwa shambani, ikiachiana karibu mita moja. Mmea huu huhesabu urefu wa mchana: mchana ukiwa mfupi unatoa maua mapema kabla haujanenepa, ndiyo maana Afrika Mashariki inahitaji mbegu zinazochelewa kutoa maua. Majani huvunwa maua yanapokaribia kuchanua na hukaushwa.

Hata kwa uangalifu wote huo, dawa iliyomo kwenye majani makavu kwa kawaida haifikii asilimia mbili ya uzito wake. Shamba na shamba hutofautiana, msimu na msimu hutofautiana. Kwa hiyo kiwanda hukitenga kiini, hukipima, na kukiweka kwenye kidonge ambacho ni kilekile Kyela, Kigoma au Zanzibar.

Na pakanga yetu ya Afrika? Licha ya undugu, majani yake yana artemisinini kidogo mno, au hayana kabisa. Nguvu zake ziko kwenye mafuta yenye harufu, yale yanayofungua pua. Ni dawa ya aina nyingine.

Kwa nini chai haitoshi

Mwaka 2020, wakati wa korona, ndege ya Tanzania ilikwenda Madagaska kuchukua kinywaji kilichotengenezwa kwa Artemisia. Tangu hapo jina hilo limeingia kwenye simu za wengi, na ujumbe wa kusifu chai yake kama tiba ya malaria husambaa kila mara. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mwaka 2012 na tena mwaka 2019: halipendekezi majani ya Artemisia, yawe chai au unga, kwa kutibu wala kuzuia malaria. Sababu zake zinaeleweka hata jikoni.

Ya kwanza ni kipimo. Kikombe kimoja cha chai kinaweza kuwa na dawa ya kumpunguzia mtoto homa lakini isitoshe kuua vijidudu. Homa ikishuka kidogo mzazi anapumua, kumbe ugonjwa unaendelea ndani. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano malaria inaweza kuwa kali ndani ya siku moja au mbili tu.

Ya pili inahusu wengine. Vijidudu vinavyoonja dawa kidogo bila kufa hujifunza kuistahimili. Klorokwini ilipotea kwa njia hiyo. Tayari watafiti mkoani Kagera wamegundua vimelea vilivyoanza kuistahimili artemisinini kwa sehemu. Dawa hii ikituponyoka, hakuna nyingine ya nguvu yake iliyo tayari kushika nafasi kesho asubuhi.

Ya tatu ni kujua unachotibu. Kikohozi chenye homa kinaweza kuwa nimonia. Homa yenye kuharisha inaweza kuwa taifodi. Uchungu wa jani hauwezi kutofautisha. Kipimo cha haraka cha malaria, tone moja la damu kwenye kidole, hutoa jibu kwa takriban dakika 15 hadi 20.

Degedege na mtumbwi

Katika sehemu nyingi za Tanzania degedege ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria, na baadhi ya wazee walionya kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Wazazi walimpeleka kwanza kwa mganga, wakamfukiza na kumwogesha majani, hospitali ikawa ya mwisho. Hawakuwa wazazi wazembe. Walifanya walichofundishwa na watu waliowapenda. Lakini degedege katika homa ya malaria ni dalili kwamba ubongo umeguswa au homa imepanda mno, na kila saa ina thamani.

Kwa kijiji kama Ikombe saa hizo ni chache zaidi kuliko mjini. Matema kuna hospitali ya KKKT, lakini kati ya mlango wa nyumba na mlango wa hospitali kuna maji au kijia cha mawe. Mzazi wa mjini anaweza kungoja aone chai itafanya nini, kisha saa sita usiku akaita bodaboda. Mzazi wa ufukweni, mwera ukivuma usiku, hana wa kumwita. Kwa hiyo kwake kanuni ni kuondoka mapema: mtoto akipata homa mchana, mchana huohuo apimwe, ziwa likiwa bado linapitika.

Dalili ambazo hazingoji hata kidogo ni hizi: mtoto anatapika kila kitu, hawezi kunyonya au kunywa, amepata degedege, analegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida. Akipewa ALu, dozi ni mara sita kwa siku tatu: ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni katika siku ya pili na ya tatu. Idadi ya vidonge inategemea uzito wake. Apewe pamoja na chakula au maziwa, na amalize zote hata kama siku ya pili anacheza.

Pakanga ikae wapi

Haya yote hayaamuru kuing'oa pakanga. Nchi yetu inaitambua tiba asili kwa sheria ya mwaka 2002, na Muhimbili kuna taasisi nzima inayochunguza mimea yetu. Jani linastahili heshima pamoja na mipaka yake.

Anayependa kuipanda Artemisia afra nyumbani hahitaji mbegu. Kata kipande cha tawi lisilo laini sana wala lisilo kuukuu, urefu wa shubiri moja, ondoa majani ya chini na ukichomeke kwenye udongo wenye mchanga. Weka kivulini na umwagilie kidogo mpaka kishike mizizi, kisha ukipeleke kwenye jua. Adui yake ni maji yanayotuama, na Kyela ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Kwa hiyo ufukweni ipandwe kwenye tuta lililoinuliwa, au kwenye chungu kilichotoboka chini ambacho hakifai tena kupikia. Ipunguzwe matawi kila baada ya miezi michache, vinginevyo inakuwa miti mikavu isiyo na majani.

Majani yaliyokaushwa kivulini huwekwa kati ya nguo kufukuza wadudu. Mtu mzima mwenye mafua anaweza kuvuta harufu yake au kunywa kikombe chepesi kwa siku chache, si kwa miezi. Mama mjamzito aiache kabisa, na mama anayenyonyesha pia. Mtoto mdogo asinyweshwe. Asiinamishwe juu ya sufuria inayochemka na kufunikwa blanketi. Watoto huungua kwa mvuke na kwa maji yenyewe. Na anayetumia dawa za hospitali amwambie daktari kwamba anakunywa pia majani, bila aibu, ili daktari ajue la kufanya.

Bibi akileta majani kwa mjukuu mwenye homa, hakuna haja ya kugombana naye. Mama anaweza kuyapokea kwa mikono miwili, akaweka kando, akasema, "Ahsante bibi, tunakwenda kumpima kwanza." Mara nyingi bibi mwenyewe ndiye atakayeshika taa mpaka kwenye mtumbwi.